Kwa nini mtoto asome kulima miaka mitano?

Maneno ya monitere wa kulima kwa wazazi na vijana



Nimeombwa kusema nanyi leo juu ya mafundisho ya kulima yanayotolewa katika chuo kikuu, ndicho kiitwacho iniversite. Mmesikia ya kwamba kijana akimaliza masomo ya sekondari aweza kwenda kujifunza kulima miaka mitano tena. Wengi wakisikia hivi hucheka. Wasema: «Baba hakusoma, naye alilima. Mama hajui kuandika jina lake, lakini sote tulikula kwa jembe lake. Miaka mitano ya kujifunza nini?»

Swali hili si la upumbavu. Mzazi anayeuza mbuzi wake, au ng'ombe wake, ili alipe masomo ya mtoto, ana haki ya kujua anachonunua. Mimi si mtu wa chuo kikuu. Mimi ni monitere, na elimu yangu ni ya shule ndogo na ya shamba. Walakini kila siku nawaletea ninyi mashauri yaliyotoka kwa wale waliosoma huko. Basi nitasema faida ya masomo hayo, na hatari yake pia.

I. Jicho la mkulima na mwisho wake

Kwanza tuwape wakulima heshima yao. Mama aliyelima miaka thelathini ajua udongo kwa kutazama majani yaotayo juu yake. Ajua siku ya kupanda maharagwe, ajua muhogo upi ni mchungu na namna ya kuuloweka mpaka usidhuru watu. Mwalimu wa kweli hadharau elimu hii.

Lakini kuna mambo ambayo jicho la mtu mmoja haliwezi kuyaona. Mengine ni madogo mno. Mengine yatoka nchi ya mbali. Mengine yahitaji miaka mingi na hesabu nyingi kuliko maisha ya mkulima mmoja. Nitatoa mifano mitatu. Mkiisha kuisikia mtaona wenyewe chuo kikuu ni cha kazi gani.

Mfano wa kwanza: mti wa mawese. Mwajua ya kuwa matunda ya michikichi si sawasawa. Ukipasua tunda la mti mmoja waona kokwa yenyi ganda nene na nyama kidogo. La mti mwingine lina ganda jembamba na nyama nyingi, na mafuta yake ni mengi. Basi mtu mwenyi akili huchagua mbegu za mti wenyi ganda jembamba, azipanda, angoja miaka mitatu au minne. Miti ikizaa, aona mchanganyiko: mingine ina ganda nene tena, na mingine haizai vizuri hata kidogo. Ahuzunika. Asema labda udongo ni mbaya, ao labda mtu alimfanyia ubaya.

Jambo hili lilichunguzwa Yangambi, kando ya mto Kongo, karibu kilometa mia moja kushuka kutoka Kisangani. Nyumba ya uchunguzi iliyoitwa INEAC iliwekwa wakati wa Wabeleji, mwaka 1933. Huko waliunganisha mti na mti kwa mkono, wakafunika maua ili unga wa maua mengine usiingie, wakapanda, wakangoja, wakapasua matunda, wakahesabu. Mwaka 1941 mabwana wawili, Beirnaert na Vanderweyen, waliandika jibu. Kila mti hupokea urithi wa ganda mara mbili, mara moja kwa baba na mara moja kwa mama. Mti wenyi ganda jembamba umerithi ganda kwa upande mmoja, na kukosa ganda kwa upande wa pili. Kwa hiyo ukiunganisha miti miwili ya ganda jembamba, katika miche mia karibu 25 itakuwa ya ganda nene, karibu 50 ya ganda jembamba, na karibu 25 isiyo na ganda, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Lakini ukiunganisha mti wa ganda nene na mti usio na ganda, watoto wote watakuwa wa ganda jembamba.

Tazameni ajabu hii: mti unaozaa vibaya ndio baba wa miti iliyo bora. Nani angalijua kwa kutazama tu? Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamepandwa miti ya namna hii. Kwa sababu hii nasi wamonitere twawaambia: mti wenu mzuri uleni mafuta yake, lakini msitwae mbegu zake kwa kupanda shamba, zitafuteni kwa wale wanaounganisha miti kwa mkono. Shauri letu ni la maneno machache, lakini nyuma yake kuna miaka mingi ya kuhesabu.

Mfano wa pili: mdudu wa muhogo. Mwaka 1973, upande wa magharibi, katika nchi za Kinshasa na Brazzaville, alionekana mdudu mdogo mweupe, kama aliyepakwa unga. Alikaa penyi ncha ya mhogo akanyonya maji yake. Majani yakajikunja, yakaanguka. Watu wakakosa sombe, wakakosa mihogo, wakakosa hata vijiti vizuri vya kupanda mwaka uliofuata. Mdudu yule akaenea katika nchi nyingi za Afrika.

Wenyi elimu ya wadudu walijiuliza neno moja: mhogo wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka Amerika ya Kusini, nao Wareno waliuleta Afrika zamani sana. Basi labda mdudu huyu naye ametoka huko, amekuja peke yake, na adui yake amebaki nyuma. Wakaenda kumtafuta adui huyo. Mwaka 1981 walimwona mdudu yule yule katika nchi ya Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana, asiyeuma watu. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya mdudu mweupe, na mtoto wake humla kwa ndani. Walichunguza kwanza kama hataharibu kitu kingine. Kisha wakamzalisha kwa wingi, wakamwachia katika mashamba, wakianza Nigeria mwaka ule ule, na baadaye katika nchi zaidi ya ishirini. Mdudu mweupe akapungua kabisa, na mkulima hakununua dawa hata chupa moja. Kiongozi wa kazi hiyo, Hans Herren, mtu wa Uswisi, alipewa zawadi kubwa ya dunia ya chakula mwaka 1995.

Wengi wenu walikula sombe miaka hiyo, na hakuna aliyewaambia kwa nini ilirudi.

Mfano wa tatu: mnyauko wa migomba. Huu mwaujua sana, ninyi wa Kivu. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na huku kwetu ulianza upande wa Masisi siku zile zile. Majani yawa manjano na kunyauka, ndizi zaiva kabla ya saa yake, ukizikata ndani zina rangi ya kutu, na shina likikatwa latoa usaha wa manjano. Viini vya ugonjwa huchukuliwa na wadudu waendao kwa ua la kiume, na zaidi vyachukuliwa na visu na mapanga yetu.

Kwanza watu waliambiwa: ng'oeni shina lote na watoto wake wote, mzike. Kazi hii ilikuwa ngumu. Mjane mwenyi shamba dogo aling'oa chakula cha watoto wake chote. Wengi walikataa, na ugonjwa ukazidi. Wenyi elimu wakarudi shambani kuchunguza tena, wakaona ya kwamba ugonjwa haushiki kila chipukizi la shina moja. Basi shauri likageuka: ukate mgomba ule unaoonyesha ugonjwa, chini kabisa, mapema, wala usiache kupita shambani kila juma, choma panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua la kiume ulivunje kwa mti wenyi panda, si kwa kisu. Wanaofuata hivyo kwa bidii huona ugonjwa ukipungua, nao hawakupoteza shamba lote.

Katika mfano huu kuna fundisho kubwa. Elimu ya kweli haioni haya kubadili neno lake, shamba likiisha kuonyesha neno lililo bora. Lakini shamba halisemi lenyewe. Lazima awepo mtu ajuaye kuliuliza.

II. Namna ya kuliuliza shamba

Kijana akiingia chuo kikuu hufundishwa mambo mengi: udongo na chumvi zilizomo, maji, mimea na urithi wake, wadudu na magonjwa, wanyama wa kufugwa, vyombo, bei na soko. Kwa mpango wa leo miaka mitatu ya kwanza huitwa lisanse, na miwili inayofuata ni mastere. Lakini jambo lililo kama moyo wa mafundisho yote ni jaribio. Nitawaeleza, kwani hata mtu asiyesoma aweza kulifahamu.

Mtu apokea mbegu mpya ya mahindi. Aipanda mahali pa kichuguu cha zamani, na mbegu yake ya siku zote aipanda juu ya mtelemko. Mbegu mpya yazaa sana, naye atangaza mji mzima: «Mbegu hii ni nzuri.» Je, ni mbegu iliyozaa, ao ni kichuguu? Hajui. Mwaka ujao jirani yake atapanda mbegu ile kwa udongo mwekundu, atapata kidogo, atamwita mwongo.

Mwenyi kufundishwa afanya hivi. Achagua shamba lililo sawasawa kadiri iwezekanavyo. Alikata vipande vinane, vyote vya kipimo kimoja, tuseme metre tano kwa metre nne. Vinne ni vya mbegu mpya, vinne vya mbegu ya zamani. Lakini yeye hachagui ni vipi vya mbegu ipi, maana moyo wa mtu hupendelea, apiga kura. Apanda vyote siku moja, kwa nafasi moja, apalilia vyote siku moja. Wakati wa kuvuna aacha mistari ya pembeni, kwa sababu mahindi ya pembeni hupata jua na nafasi kuliko ya katikati. Akausha, kisha apima kila kipande mbali, aandika. Kama vipande vinne vya mbegu mpya vyote vimeshinda, ana sababu ya kuamini. Kama viwili vimeshinda na viwili vimeshindwa, anyamaza. Kisha arudia mwaka wa pili, kwani mvua ya mwaka mmoja si mvua ya miaka yote.

Sehemu kubwa ya miaka mitano ndiyo hii: kujifunza kuuliza vizuri, kupima bila kujidanganya, na kunyamaza mpaka jibu lije. Mtu mwenyi kujua hili hawezi kudanganywa na muuza dawa wa sokoni, wala hawezi kuwadanganya ninyi bila dhamiri yake kumshitaki.

III. Kwa nini watoto wetu wenyewe?

Mwaweza kusema: wachunguzi na waje kutoka Ulaya, kama zamani. Sikieni basi habari ya nchi yetu. Mbele ya mwaka 1954 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Kongo. Mwaka ule ulifunguliwa Lovanium, karibu na Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na mwaka 1956 kikafunguliwa kingine Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Katika Yangambi ya wakati wa Wabeleji, waliouliza maswali walikuwa Wazungu. Watu wetu walikata msitu, walipanda, walipanda juu ya michikichi kufunika maua, walibeba mavuno kwenye mizani. Mikono yao ilikuwa katika kila jaribio, lakini majina yao hayamo katika vitabu.

Uhuru ulipofika mwaka 1960 wengi wa Wazungu wale waliondoka, na waliofundishwa kushika kazi yao walikuwa wachache sana. Mwaka 1970 iliwekwa INERA mahali pa INEAC, na vituo vyake viko hata leo, kama Yangambi, na Mulungu hapa kwetu Kivu. Mafundisho makubwa ya kulima nayo yalipelekwa Yangambi yenyewe, kwa chuo kiitwacho IFA, na leo Lubumbashi, Bukavu na Butembo zina mahali pa kuyasoma. Lakini fundisho la zamani lisisahauliwe: elimu ikikaa kwa wageni peke yao, siku wakifunga masanduku yao, elimu nayo yaondoka.

Na kuna sababu nyingine. Mgeni huuliza swali lake. Mtoto wa hapa huuliza swali letu. Nani atachunguza maharagwe yanayoiva upesi katika moto wa kuni chache, kama si yule aliyetumwa kuni na mama yake?

IV. Maneno ya wanaokataa

Wengine wasema: «Akisoma hatarudi, ataona haya kushika jembe.» Hatari hii ni ya kweli, nami siifichi. Wako waliopokea diploma, wakakaa mjini, na viatu vyao havijui matope. Lakini mara nyingi sisi wazazi na ndugu ndio tuliowafundisha hivyo. Mtoto akikosea shuleni twamtisha: «Usiposoma utalima.» Twafanya jembe kuwa adhabu. Kisha twashangaa akilikimbia.

Wengine wasema: «Kazi haiko.» Neno hili nalo lina ukweli. Serkali haiwezi kuajiri kila mwenyi diploma, na mishahara mara nyingi huchelewa. Msiwatume watoto kwa kutazamia kiti cha ofisi. Walakini mwenyi elimu hii aweza kuzalisha mbegu na kuziuza, kutunza kitalu cha kahawa, kufuga, kuongoza chama cha wakulima, kufundisha. Atazame kwanza shida ya watu wa kwao, hapo ataona kazi.

Wengine wasema: «Msichana asome kulima kwa nini? Ataolewa.» Ndugu zangu, piteni mashambani asubuhi, mhesabu wanaoinama. Wengi ni nani? Anayechagua mbegu ya maharagwe na kuiweka juu ya moshi ni nani? Kama kazi ni ya wanawake, kwa nini elimu ya kazi iwe ya wanaume peke yao? Tena mama wa mashamba atamwambia msichana aliyesoma mambo ambayo hawezi kuniambia mimi.

Wengine wasema: «Wanasoma kwa Kifaransa, wanaandika kwa Kifaransa, sisi hatupati kitu.» Hawa ndio wanaosema kweli kuliko wote. Kitabu cha mwanafunzi aliyemaliza chahesabu vizuri ugonjwa wa migomba ya kijiji fulani, kisha chakaa kabatini, na mwenyi shamba lile hajui alichoonekana nacho. Mtu aliyekopa shamba lako kwa kuuliza swali, jibu ni deni lake. Alipe kwa lugha yako.

V. Mashauri

Kwa wazazi. Msiuze shamba ili mtoto akasome kulima. Atarudi na elimu na hana pa kuitumia. Mbele ya kulipa feza, nendeni mkatazame chuo chenyewe. Ulizeni: shamba lenu la majaribio liko wapi? Wanafunzi hushika jembe siku ngapi? Kuna mizani? Kuna nyumba ya kupimia udongo? Chuo kisicho na shamba kinafundisha maneno ya kulima tu. Tena mpeni mtoto kipande chake nyumbani, avune na kuuza mwenyewe.

Kwa vijana. Pasipo diploma ya Serkali ya sekondari hamwezi kuingia. Basi shikeni hesabu, kemia na elimu ya viumbe tangu sasa, wala msizikimbie. Anayekimbia hesabu hawezi kupima mavuno. Anzeni leo: pimeni vipande vinane, pigeni kura, pandeni, andikeni katika kaye siku ya kupanda, siku ya mvua, uzito wa kila kipande. Kijana atakayefika chuo kikuu na kaye ya namna hiyo ya miaka miwili atafahamu upesi kuliko wenzake.

Na mtakaofika huko, shikeni neno hili moja. Kila mwaka mkirudi likizo, kabla ya kusalimu mji wote, ketini na wazee chini ya mti, mwaambie kwa lugha ya nyumbani jambo moja mlilojifunza. Kisha waulizeni jambo moja msilolijua. Mkishindwa kueleza, mjue bado hamjafahamu, mrudi kusoma.

Basi, wazazi, nimesema. Mtoto hatumwi chuo kikuu kujifunza kushika jembe, maana hilo alifundishwa na mama yake. Atumwa kujifunza kuliuliza shamba, kungoja jibu la kweli, na kutuletea jibu hilo. Mwenyi swali na asimame aulize. Na kwa lile nisiloweza kulijibu, tutaandika barua kwa wale wa Mulungu, nao watatujibu.